Jinsi ya Kupima Mwanga wa Nyota Badilifu na Supanova, kwa Macho na kwa Kamera

Wengi wanaoanza kupima nyota badilifu hukwama mahali pamoja. Nyota wameipata, chati wanayo, namba wameandika. Lakini wakiziweka namba za mwezi mzima kwenye grafu, hawaoni mstari unaopanda na kushuka, wanaona nukta zilizotawanyika ovyo. Leo 3.6, kesho 4.3, keshokutwa 3.5, kwa nyota isiyo na mbio hizo.

Mara nyingi kosa si la macho wala la kamera. Liliingia mapema zaidi: katika kuchagua nyota za kulinganishia, katika kimo cha nyota angani, au kwa mpimaji ambaye tayari analijua jibu analolitaka. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinakaa muda mrefu kwenye mambo hayo matatu.

Mfano tutakaoufuata ni Eta Aquilae, iliyo katika kundinyota la Ukabu, ambalo kwenye chati huandikwa Aquila. Hubadilika kati ya magnitudi (kipimo cha mwanga wa nyota) 3.5 na 4.4 kila baada ya siku 7.18. Inaonekana kwa macho matupu, na kwa kuwa iko karibu na ikweta ya anga, watu wa kaskazini na wa kusini mwa dunia wote wanaiona. Ukiimudu hii, nyingine zitafuata.

## Vitu unavyohitaji

Kwa kupima kwa macho:

- Chati ya nyota husika yenye magnitudi za nyota za kulinganishia. AAVSO, chama cha Marekani cha wapimaji wa nyota badilifu kilichoanzishwa mwaka 1911, hutoa chati hizi bure kwenye tovuti yake.
- Tochi yenye mwanga mwekundu hafifu.
- Saa iliyosawazishwa. Ya simu inatosha.
- Daftari na penseli.
- Bainokula ya 7x50 au 10x50 kwa nyota za magnitudi 4 hadi 8. Zilizo hafifu zaidi zinataka darubini.

Kwa kamera ongeza: kamera yenye lenzi ya kubadilisha inayohifadhi picha ghafi (RAW), lenzi ya milimita 50 hadi 100, stendi ya miguu mitatu, waya au rimoti ya kupigia picha, na kompyuta yenye Siril, ASTAP au AstroImageJ. Programu hizo tatu ni za bure.

Kumbuka pia kwamba kipimo cha magnitudi huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu. Tofauti ya magnitudi 1 ni mwanga mara 2.5 hivi, na tofauti ya 5 ni mara 100 kamili.

## Hatua ya 1: Chagua nyota inayolingana na chombo chako

Jicho hulinganisha vizuri nyota zinazozidi kwa magnitudi 2 hadi 4 mwanga wa nyota hafifu kabisa ambayo chombo chako kinaweza kuonyesha. Nyota ikikaribia kikomo cha chombo, inaonekana na kupotea, nawe unaanza kubuni. Ikiwa angavu mno, inalitia jicho kiwi na tofauti ndogo hazionekani.

Kwa hiyo usiichungulie Eta Aquilae kwa darubini kubwa eti ili uione vizuri. Macho matupu yanafaa, na bainokula ni ya kutumia pale tu anga la mji linapozificha nyota za kulinganishia.

Epuka kuanza na Betelgeuse, ingawa ni maarufu na kila mtu anaijua. Ni nyekundu sana, na nyota za kuilinganisha nazo zimetawanyika mbali angani. Hatua ya 3 itaonyesha mbali huko kunagharimu nini.

## Hatua ya 2: Tengeneza chati na uisome sawasawa

Kwenye ukurasa wa chati wa AAVSO andika jina la nyota, kwa mfano ETA AQL, kisha chagua upana wa eneo. Kwa macho matupu chukua kipimo cha A, chenye upana wa nyuzi 15. Kwa darubini chukua B, wa nyuzi 3, au eneo dogo zaidi ya hapo.

Chagua pia mwelekeo. Darubini ya kioo hupindua picha juu chini, na yenye kioo cha pembeni hugeuza kushoto na kulia. Chati isiyolingana na unachokiona ndiyo sababu ya kwanza ya watu kupima nyota isiyo yao wiki nzima.

Magnitudi kwenye chati huandikwa bila nukta ya desimali: 37 maana yake ni 3.7. Nukta imeachwa makusudi isije ikadhaniwa ni nyota. Kila chati ina namba yake ya utambulisho pembeni. Inakili, kwa sababu magnitudi za kulinganishia hurekebishwa mara kwa mara, na bila namba hiyo hakuna atakayejua ulitumia toleo gani.

Kwa Eta Aquilae jirani wanaofaa ni hawa: Theta Aquilae 3.2, Delta Aquilae 3.4, Beta Aquilae 3.7 na Iota Aquilae 4.4.

Ukifanikiwa: unaweza kuzionyesha nyota zote tano angani kwa kidole bila kuitazama chati.

## Hatua ya 3: Subiri macho, subiri kimo

Kaa gizani dakika 20 hadi 30 kabla ya kupima. Kutazama skrini ya simu mara moja kunakurudisha mwanzo.

Kisha angalia kimo. Mwanga wa nyota iliyo chini hupita katika hewa nyingi zaidi kuliko wa ile iliyo utosini, na hewa hiyo huupunguza. Tukiita unene wa hewa juu ya kichwa 1, kwenye kimo cha nyuzi 45 ni 1.4, kwenye nyuzi 30 ni 2, na kwenye nyuzi 25 ni karibu 2.4. Katika anga la kawaida lisilo na vumbi, kila unene mmoja hula takriban magnitudi 0.25.

Chukua Betelgeuse kwenye kimo cha nyuzi 45 unapoilinganisha na Aldebaran iliyoshuka hadi nyuzi 25. Tofauti ya unene wa hewa ni karibu 1, basi Aldebaran imepoteza magnitudi 0.24 kuliko mwenzake. Utaandika kwamba Betelgeuse imeng'aa, na kumbe ni hewa tu. Saa mbili kabla yake, nyota zile zile zikiwa juu, ungeandika namba nyingine.

Kanuni ya kufuata ni rahisi: pima nyota ikiwa juu ya nyuzi 30, na tumia nyota za kulinganishia zilizo kwenye kimo kinachokaribiana na chake. Wingu jembamba lina hatari kubwa kuliko wingu zito, kwa sababu zito unaliona.

## Hatua ya 4: Linganisha, usikadirie

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Huiulizi nyota "una magnitudi ngapi?" Jicho haliwezi kulijibu swali hilo. Swali ambalo jicho linalimudu ni hili: kati ya hizi mbili, ipi inang'aa zaidi, na ya tatu imekaa wapi katikati yao?

1. Tafuta nyota moja inayoizidi kidogo ile unayoipima, na moja iliyo hafifu kuliko yake. Pengo kati ya hizo mbili lisizidi 0.7 hivi. Pengo likiwa magnitudi nzima, hata jicho zuri hukosea robo.
2. Tazama ya kwanza kwa sekunde moja au mbili, hamia kwenye badilifu, hamia kwenye ya pili, rudi. Usikodolee. Mwanga mwekundu huonekana kuongezeka kadiri unavyokazia macho, kwa hiyo nyota nyekundu ikikodolewa hupanda bila sababu.
3. Gawanya pengo kwa fikra katika sehemu kumi. Jiulize badilifu iko sehemu ya ngapi kutoka ile angavu.
4. Piga hesabu: magnitudi ya angavu, jumlisha sehemu hiyo mara pengo.

Tuseme Eta iko kati ya Beta (3.7) na Iota (4.4). Pengo ni 0.7. Unaona imekaa sehemu ya nne kati ya kumi kutoka Beta. Basi 3.7 + 0.4 × 0.7 = 3.98, unaandika 4.0. Desimali moja inatosha. Anayeandika 3.98 kwa macho anadai usahihi ambao jicho halina.

Angalia na mkao wa kichwa. Nyota mbili zikiwa moja juu ya nyingine, ya chini huelekea kuonekana angavu zaidi, na kosa laweza kufika nusu magnitudi. Geuza kichwa mpaka mstari wa kufikirika unaounganisha nyota hizo mbili uwe sambamba na mstari wa macho yako. Kwa bainokula au darubini, leta kila nyota katikati ya uwanja wa kutazama kabla ya kuihukumu, kwani lenzi hupoteza mwanga pembeni.

Kwa nyota nyekundu kama Mira, fungua fokasi kidogo hadi nyota zote ziwe viduara. Viduara vyenye rangi hulinganishika kwa urahisi kuliko vidoto vinavyometameta.

Ikiwa badilifu ni angavu kuliko nyota zako zote, au hafifu kuliko zote, usivuke mpaka kwa makisio. Tafuta nyota nyingine ya kulinganishia.

Onyo kubwa kuliko yote: usifungue daftari la jana kabla ya kupima, wala grafu ya watu wengine mtandaoni. Akishajua kwamba leo nyota "inapaswa" kuwa 4.2, mpimaji ataiona 4.2. Data ya namna hiyo ni nakala ya utabiri, haina thamani yoyote, na ubaya wake ni kwamba inapendeza kuliko data ya kweli.

Ukifanikiwa: ukirudia kipimo baada ya nusu saa bila kukumbuka cha kwanza, tofauti haizidi 0.2. Mpimaji aliyezoea hukaa ndani ya 0.1.

## Hatua ya 5: Andika papo hapo

Kila kipimo kinataka vitu sita: jina la nyota, wakati, magnitudi, nyota mbili ulizotumia, namba ya chati, na hali ya anga. Kimoja kikikosekana, kipimo hakiwezi kukaguliwa baadaye.

Wakati uandikwe kwa saa za dunia (UT) katika mtindo wa saa 24, si saa za mahali ulipo. Wanaanga hutumia siku za Julian, zinazohesabiwa mfululizo na kuanza saa 12:00 mchana UT. Mchana wa tarehe 1 Januari 2000 ulikuwa 2451545.0. Kipimo cha tarehe 15 Agosti 2025 saa 19:12 UT kinaandikwa 2460903.3. Ukosefu wa usingizi na kubadilisha saa kichwani haviendi pamoja. Acha kikokotoo cha mtandaoni kikufanyie.

Hali ya anga AAVSO huipokea kwa herufi. B ni anga lenye mwanga, kama mbalamwezi au taa za mji. U ni mawingu, vumbi au moshi. L ni nyota iliyo chini au iliyozibwa. Z ni magnitudi usiyo na uhakika nayo. Zitumie bila aibu. Kipimo chenye Z kinamsaidia mtafiti. Kibovu kilichofichwa humpotosha.

## Hatua ya 6: Rudia kwa mwendo wa nyota

Sefeidi, yaani nyota inayovimba na kunywea kwa mpigo maalumu kama Eta Aquilae, inatakiwa kila usiku ulio wazi. Mira, ambayo mzunguko wake ni siku 332 hivi, inatosha mara moja kwa wiki. Kuipima kila siku hukuongezea uchovu na hukufundisha kukumbuka namba ya jana. Algol, inayofunikwa na mwenzake kila baada ya siku 2.87, ipimwe kila dakika 10 hadi 15 wakati wa kupatwa, kazi ya saa kumi kwa jumla.

Baada ya mizunguko mitatu au minne ya Eta Aquilae, kunja data yako. Toa siku ya Julian ya kipimo chako cha kwanza kutoka ya kila kipimo, gawanya kwa 7.177, kisha bakiza desimali peke yake. Kipimo cha 2460920.3 kiko siku 17 baada ya 2460903.3, 17 ÷ 7.177 ni 2.37, kwa hiyo awamu yake, yaani sehemu ya mzunguko iliyokwisha kupita, ni 0.37. Panga magnitudi dhidi ya awamu, namba ndogo zikiwa juu.

Ukifanikiwa: grafu inapanda kwa kasi na kushuka taratibu, na kwenye mteremko pana kinundu kidogo ambapo kushuka kunasita. Ukikiona kinundu hicho, kukunja kumekwenda vizuri na macho yako yamekuwa chombo cha kupimia. Usipokiona lakini kupanda na kushuka vipo, endelea. Vipimo ishirini zaidi vitakitoa.

## Hatua ya 7: Kamera, kwa anayetaka sehemu ya mia

Kamera ya kawaida inaweza kufika usahihi wa 0.02 hadi 0.05. Isipotumiwa vizuri hushindwa na macho.

Piga picha ghafi, kamwe si JPEG. JPEG hupinda uwiano wa mwanga ili picha ipendeze, na ukishapindwa haurudi. Zima pia upunguzaji wa chenga wa kamera.

Weka ISO 200 hadi 400, lenzi ya milimita 50 iliyofungwa hadi f/4, na sekunde 5 hadi 10 kwa kila picha. Kisha fungua fokasi mpaka nyota iwe kiduara cha pikseli 8 hadi 10. Wengi hukataa hili, wakiona wanaharibu picha. Lakini pikseli za kamera zina vichujio vya rangi, mbili za kijani katika kila nne. Nyota kali iliyobanwa kwenye pikseli mbili itaonekana angavu ikiangukia kijani na hafifu ikiangukia nyekundu. Kuitandaza kunaondoa bahati nasibu hiyo, tena kunazuia pikseli kufurika.

Kufurika ndiko huua data nyingi za kamera. Kamera ya biti 14 inaishia 16,383. Fungua picha ya majaribio kwenye programu, uhakikishe kilele cha nyota angavu kabisa hakizidi 11,000 hivi. Kikizidi, punguza sekunde.

Piga picha kumi au zaidi ili jumla ya muda ipite dakika moja. Kumetameta kwa nyota hubadilisha mwanga wake sekunde hadi sekunde, na wastani hutuliza kumetameta huko.

Usiku huo huo piga picha 20 za giza, lenzi ikiwa imefunikwa, kwa ISO na sekunde zile zile. Piga na picha 20 za mwanga sawia, kwa mfano za anga la magharibi jua likishatua, bila kugusa fokasi wala f. Hizi hurekebisha vumbi na pembe za lenzi zilizo na giza.

## Hatua ya 8: Toa namba

Katika Siril au ASTAP, sahihisha picha kwa zile za giza na za mwanga sawia, chukua rangi ya kijani peke yake, ndipo uzipange na kuziunganisha. Kijani ndicho kinachokaribia kichujio cha V cha wanaanga. Kwenye taarifa ya AAVSO kinaitwa TG, usiandike V.

Weka duara la kupimia linaloizunguka nyota yote, na pete nje yake ya kupima mwanga wa anga. Hakikisha hakuna nyota ndani ya pete. Tumia duara la ukubwa ule ule kwa nyota zote.

Programu ikikupa 48,000 kwa badilifu na 60,000 kwa Beta Aquilae (3.71), uwiano ni 0.8. Logi yake ni −0.097, zidisha kwa −2.5 upate 0.24. Magnitudi ni 3.71 + 0.24 = 3.95.

Sasa pima Delta Aquilae kwa njia hiyo hiyo kana kwamba huijui. Hii ni nyota ya kuhakikia. Thamani yake ni 3.36. Ukipata 3.34 au 3.39, amini kazi yako. Ukipata 3.55, usitume kitu: kuna wingu, kufurika, au picha za mwanga sawia zilizoharibika. Tafuta kwanza.

## Hatua ya 9: Supanova ni kazi nyingine

Supanova, yaani nyota inayolipuka, haina mzunguko, haikusubiri, na inakaa ndani ya galaksi inayong'aa. Hilo la mwisho ndilo linaloharibu vipimo.

SN 2023ixf katika galaksi ya M101, iliyogunduliwa na Koichi Itagaki tarehe 19 Mei 2023, ilifika karibu magnitudi 11, mwanga ambao darubini ya sentimita 15 inaumudu. Lakini ilikaa karibu na NGC 5461, wingu angavu la gesi ndani ya galaksi hiyo. Duara kubwa la kupimia lilichukua supanova pamoja na jirani yake. Kadiri supanova inavyofifia, ndivyo sehemu ya jirani inavyokua ndani ya namba, na grafu inaonekana kusimama huku nyota yenyewe ikiendelea kushuka.

Kwa hiyo hapa usifungue fokasi. Tumia darubini inayofuata anga, fokasi kali, na duara dogo lenye nusu kipenyo kisichozidi mara moja na nusu ya upana wa nyota. Njia iliyo bora kabisa ni kutoa picha kwa picha: piga galaksi hiyo hiyo kwa vifaa hivyo hivyo mwaka mmoja au miwili baadaye, supanova ikiwa imekwisha, kisha uitoe picha hiyo mpya kwenye picha zako za zamani. Wanaofuatilia galaksi za karibu huwa na picha hizo tayari kabla ya mlipuko wowote. Ukiwa na usiku mtupu, zipige.

Nyota za kulinganishia ziwe nje ya galaksi. AAVSO hutengeneza chati kwa jina la supanova yenyewe.

Ratiba inategemea aina ya supanova. Aina ya Ia hupanda kwa takriban majuma mawili na nusu, na baada ya kilele hushuka katika mwanga wa buluu karibu magnitudi 1 kwa siku 15. Pima kila usiku katika kipindi hicho. Aina ya II-P hukaa tambarare siku mia hivi kisha huporomoka. Katikati pima kila siku ya tatu, ila usilikose poromoko. Mwishoni mwanga hutokana na kobalti-56 inayooza, ambayo nusu yake hwisha kwa siku 77, na grafu hushuka karibu magnitudi 1 kila siku 100.

## Ukiona nukta mpya

Kabla ya kumwambia yeyote, piga picha ya pili baada ya nusu saa au zaidi. Ikiwa imesogea, ni sayari ndogo. Ikiwa imebaki pikseli ile ile huku nyota zimehama, ni pikseli mbovu. Linganisha na picha za kumbukumbu za anga, ukague orodha ya sayari ndogo zinazopita hapo, kisha utazame Transient Name Server, ambako ugunduzi husajiliwa. Kitu kipya huanza na herufi AT na hupewa SN baada ya spektra yake (mwanga wake uliotawanywa katika rangi zake) kuthibitisha kwamba ni supanova.

Na usipoona kitu, andika hivyo. Galaksi uliyoipiga usiku ikiwa tupu, tafuta nyota hafifu kabisa inayoonekana kwenye picha, tuseme 15.3, na uandike <15.3: chochote kilichokuwepo kilikuwa hafifu kuliko hapo. Mlipuko ukigunduliwa siku mbili baadaye, namba hiyo ndiyo itakayobana saa ulipoanza, na hakuna awezaye kurudi kuipima.